UZI: Jarida la wiki lilianzia wapi, na mkasi huwa mkononi mwa nani?

Kuna mchezo usioisha kwenye mijadala yetu ya siasa. Mtu akibanwa, anatupa picha ya jalada la jarida la nje. "Hata wao wameona, wewe endelea kulala." Mwenzake anachimba, anarudi na jalada la jarida hilohilo likisema kinyume kabisa. Kuanzia hapo hakuna anayeongea tena juu ya deni, au barabara, au chochote kilicholeta ugomvi. Ni kurushiana majalada tu hadi mmoja amfungie mwenzake.

Juzi mchezo huo ulichezwa kwenye mjadala wa Eurobond na nikaona leo tuongee juu ya majarida yenyewe. Yalitoka wapi? Yanatengenezwa vipi? Na kwa nini mtu akisoma kurasa chache kwa wiki anajiona ameijua dunia? Kama kawaida ya nyuzi zangu, hakuna jina la mwanasiasa na hakuna jina la chama. Safari hii nimejifunga hata kwa wale wa Marekani na China waliokufa zamani, kwa hivyo mtavumilia "rais fulani" na "jenerali fulani".

Majalada mawili yanayorushwa sana yote ni ya The Economist. La kwanza ni la Mei 13, 2000. Jalada jeusi, ramani ya Afrika, ndani yake kijana mwenye silaha begani, na maneno yanayosema hili ni bara lisilo na matumaini. Wakati huo Sierra Leone ilikuwa inawaka na waasi walikuwa wameteka walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwa mamia. La pili ni la Desemba 3, 2011. Safari hii bara ni kishada cha rangi kinachopaa, na kichwa kinasema Afrika inainuka. Jarida ni lile lile, bara ni lile lile, na katikati kuna miaka 11.

Sasa hebu fikiria mtu aliyekuwa anapata habari za Afrika kupitia hapo tu. Mwaka 2000 aliambiwa hakuna kitu huku. Mwaka 2011 akaambiwa alete pesa. Wakati huo wote nchi zaidi ya 50 zilikuwa zinaendelea na maisha yao, nyingine zikipanda, nyingine zikishuka, nyingine zikipanda na kushuka ndani ya mwaka mmoja. Jalada halina nafasi ya hayo.

Na hii si hasira ya heshima tu. Juni 2014 Kenya iliuza Eurobond yake ya kwanza, dola bilioni 2. Sehemu ya miaka 10 ilikuwa na riba ya 6.875%. Februari 2024, tulipokuwa tunatafuta pesa za kulipa hiyo ya zamani, tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75%. Sisemi jalada ndilo lilipanga riba. Kuna bei ya pesa duniani, kuna mapato yetu, kuna madeni mengine tuliyorundika. Ninachosema ni kwamba mtu anayenunua hatifungani yetu akiwa London au New York hana saa za kusoma Hansard ya Bunge letu. Anasoma muhtasari. Aliyeandika huo muhtasari ana mkono katika maisha yetu kuliko tunavyopenda kukubali.

The Economist lenyewe ni la kitambo. Lilianza London Septemba 1843, na mwanzilishi wake alikuwa Mskoti aliyekuwa na biashara ya kofia. Hakulianzisha ili "kuhabarisha". Alikuwa na vita vyake: alitaka zifutwe sheria zilizotoza ushuru nafaka iliyoingia Uingereza kutoka nje. Zilifutwa 1846 na jarida likabaki. Hadi leo makala zake kwa kawaida hazina jina la mwandishi. Unasikia sauti moja, kama ya mzee mmoja mwenye akili nyingi, kumbe ni chumba kizima cha watu. Mimi hilo ndilo hunishangaza kuliko majalada. Kwenye baraza la kijiji hakuna mtu angekubaliwa kusema bila kusimama.

Lakini ule mtindo wa "soma hapa tu, yametosha" ulitengenezwa zaidi Marekani. Mwaka 1890 lilianzishwa Literary Digest. Kazi yake ilikuwa rahisi: kukusanya walichosema magazeti mengine, huyu kasema hivi, yule kasema vile, na kukipanga pamoja. Lilikuwa refu, la polepole, na watu wa tabaka la kati walilipenda sana.

Halafu wakaja vijana wawili waliosoma pamoja Yale, Briton Hadden na Henry Luce. Wote walizaliwa 1898, kwa hivyo toleo lao la kwanza la Time lilipotoka Machi 3, 1923 mmoja alikuwa na miaka 25 na mwingine alikuwa bado hajafika. (Mwaka huohuo Dar es Salaam ilizaliwa Mambo Leo ya Kiswahili, ila hiyo ilikuwa ya kila mwezi, tena ya serikali ya mkoloni.) Walizunguka kwa marafiki na wazazi matajiri wa marafiki wakachanga dola 86,000 hivi, chini ya lengo lao la 100,000. Mwanzoni walifikiria kuliita Facts.

Hoja yao ni ile ile unayoisikia leo kwa mtu anayeuza programu ya habari kwenye simu. Walisema watu hawajui yanayoendelea, na sababu si uhaba wa magazeti. Yako mengi. Sababu ni kwamba hakuna gazeti lililofikiria mtu mwenye shughuli ana dakika ngapi. Kwa hivyo wakaweka sheria: hakuna habari itakayozidi maneno 400 hivi, na kila habari itakuwa na mahali pake maalum, siasa ya ndani hapa, nchi za nje pale, vitabu kule. Msomaji ajue pa kufungua.

Mimi hapo nawaelewa kabisa. Nasomea sayansi ya siasa, bando langu ni la kuhesabu, na kwa siku moja simu inaniletea habari za vita vitatu, mahakama mbili na mchezaji aliyeuzwa. Kufika jioni nimeona kila kitu na siwezi kueleza hata kimoja. Jarida la wiki lina faida ambayo hatuiongelei: limechelewa. Ile taarifa ya Jumatatu iliyokuja kukanushwa Jumatano haifiki kwenye toleo la Ijumaa. Uvumi mwingi umeshakufa wenyewe kabla ya kwenda mtamboni.

Tatizo liko kwenye namna ufupi wenyewe unavyopatikana. Time ya mwanzo haikuwa na waandishi waliotawanyika duniani. Vijana walikaa New York na rundo la magazeti, hasa New York Times, wakakata, wakasoma, wakaandika upya kwa lugha yao ya mbwembwe. Waliajiri wanawake wa kuhakiki majina, tarehe na tarakimu, kazi muhimu sana ambayo heshima yake walikula wengine. Kwa hivyo jina la mji lilikuwa sahihi, mwaka ulikuwa sahihi, cheo cha waziri kilikuwa sahihi. Lakini maana ya hayo yote iliamuliwa na mtu ambaye hajawahi kufika huko. Na tuwape haki yao, walisema mapema. Kwenye waraka wao wa kutafuta wawekezaji waliandika wazi kwamba kutoegemea upande wowote hakuwezekani, wala hawakukutamani, na wakaorodhesha misimamo yao. Ni majarida machache leo yanakuwa wazi hivyo.

Literary Digest lilishindwa kushindana na kasi hiyo, lakini kilichoharakisha kifo chake ndicho nataka mkisome polepole, maana kinatuhusu sisi wa huku mtandaoni moja kwa moja.

Digest lilikuwa na sifa ya kutabiri uchaguzi wa Marekani. Kuanzia 1920 hadi 1932 lilimtaja mshindi kila mara. Mwaka 1936 likajaribu tena. Lilituma karatasi za kura takriban milioni 10 kwa posta, na zaidi ya milioni 2 zikarudi zimejazwa.  Matokeo: mpinzani, gavana wa jimbo la Kansas, atashinda kwa takriban 57%.

Uchaguzi ukafika. Rais aliyekuwa madarakani akapata karibu 61%. Mpinzani akashinda majimbo mawili tu kati ya 48: Maine na Vermont.

Ilikuwaje? Majina ya waliotumiwa yalitoka kwa wasomaji wa jarida lenyewe, vitabu vya namba za simu na orodha za wenye magari. Mwaka 1936 Marekani ilikuwa bado inajikokota kutoka kwenye mdororo mkuu wa uchumi. Mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida. Na hata kati ya hao, waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa zaidi wale waliomchukia rais, kwa sababu mwenye hasira huandika haraka kuliko aliyeridhika. Wakati huohuo mtafiti mmoja kijana, George Gallup, alitumia sampuli ndogo zaidi, akaichagua ifanane na nchi, akamtaja mshindi sawasawa. Tena alikuwa ametangaza mapema kwamba Digest litakosea na kwa upande gani. Kufikia 1938 Digest lilikuwa limekwisha, na orodha ya wasomaji wake ikachukuliwa na Time.

Sasa nikiona mtu ameweka kura ya maoni hapa, watu elfu kadhaa wamepiga, na anaandika "Kenya imeamua", mimi nawaza Maine na Vermont. Sisi wenye simu janja, bando na hasira ya saa nne usiku ndio wenye magari wa 1936. Mama anayeuza mboga Gikomba saa kumi na moja alfajiri hakuiona kura yako. Mfugaji wa Marsabit hakuiona. Na wengi walioiona wakakubaliana na hali ilivyo walipita tu. Watu waliambiana kwa miezi kwamba gavana anashinda kwa sababu kila waliyemjua alikuwa anasoma jarida moja.

Rudi kwa Luce. Hadden alikufa 1929 akiwa na miaka 31, na Luce akabaki na usukani. Luce alizaliwa China, mtoto wa wamishonari, na aliipenda nchi ile kwa mapenzi ya mtoto. Kiongozi wa China wa wakati wa vita kuu ya pili, jenerali fulani Mkristo aliyekuwa anapigana na Wajapani, alikuwa shujaa wake. Alimweka kwenye jalada mara nyingi.

Kufikia wakati huo Time ilikuwa na waandishi wake duniani, na kule Chongqing, mji mkuu wa vita, alikuwepo Theodore White. Kijana, anajua Kichina, anatembea mashambani. Aliona njaa kubwa ya Henan ya 1942 na 1943, watu wakifa barabarani na serikali bado inakusanya kodi ya nafaka. Aliandika kwamba ufisadi umeila serikali ile hadi mifupani na kwamba jeshi lake halitasimama. Mwaka 1944 taarifa zake zilipofika New York zilipita mikononi mwa mhariri wa habari za nje, Whittaker Chambers, mtu aliyewahi kuwa mkomunisti kabla ya kugeuka kuwa adui mkali wa ukomunisti. Kilichochapishwa kilikuwa kitu kingine: kwamba ama ni huyu jenerali, ama ni wakomunisti, na ufisadi si habari kubwa. White alilalamika kwa Luce kwa hasira. Mwaka 1946 waliachana, na White akatoa kitabu chake mwenyewe, Thunder Out of China, alichokiandika na Annalee Jacoby.

Mwaka 1949 jenerali alikimbilia Taiwan. Wamarekani wengi walipigwa na butwaa. Ilikuwaje, na kila wiki waliambiwa anaendelea vizuri? Badala ya kuuliza nani alikuwa anawasomesha, siasa yao ilitumia miaka kutafuta "nani aliipoteza China", na maofisa wa wizara ya mambo ya nje walioandika ukweli uleule wa White wakafukuzwa kazi kama wasaliti. Angalia vizuri: hakuna aliyekosa habari. White alikuwepo, aliona, aliandika, alituma. Habari ilifia mezani, na msomaji aliyelipia jarida lake hakuwa na njia ya kujua kwamba kuna kitu kilikatwa.

Kwa hivyo mimi nasoma vipi? Nasoma jarida la wiki, siachi. Saa moja, mwisho wa wiki. Lakini nikikutana na sentensi iliyojaa uhakika juu ya nchi nisiyoijua, natafuta kama kuna mtu mwenye jina aliyekuwa huko. Na kila wiki nachukua habari moja tu, moja, niitafute kwenye gazeti la nchi yenyewe. Sudan imenifundisha sana kwa njia hiyo. Kurasa za jarida hunipa majenerali wawili na ramani. Waandishi wa Sudan wenyewe hunipa majina ya mitaa na jikoni za kujitolea zinazolisha watu. Vyote ni kweli, ila ukiwa na kimoja tu utabishana vibaya.

Na sisi hapa? Tulikuwa na majarida yetu, tena mapema. Mwaka 1939 kampuni ya East African Standard, gazeti la walowezi, ilianzisha Baraza, gazeti la Kiswahili la kila wiki hapa Nairobi. Vita vilikuwa vimeanza. Vijana wa King's African Rifles walikwenda kupigana Ethiopia, kisha Madagaska, kisha Burma, na watu nyumbani walitaka kujua Burma ni wapi. Baraza liliwaletea dunia kwa Kiswahili, mara moja kwa wiki, likisomwa kwa sauti na mmoja huku wengine wakisikiliza. Ni kitu kizuri, na mkasi ulikuwa wa walowezi na wa sheria za vita za mkoloni. Yote mawili yalikuwa kwenye karatasi ileile.

Halafu Februari 1975 Hilary Ng'weno, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation miaka ya 60, akaanzisha The Weekly Review. Ya Kiingereza, lakini ya hapa. Mwezi uliofuata mbunge maarufu aliuawa na nchi ikatikisika, na jarida lenye umri wa wiki chache likajikuta linaandika juu ya kifo ambacho wengi waliogopa hata kukitaja. Kwa miaka mingi baadaye, ukitaka kuelewa nani kagombana na nani na kwa nini, ulisubiri toleo la wiki. Wazee wetu wa idara bado wanalitaja kwa heshima. Wengine wanalalamika kwamba miaka ya mwisho lilikuwa limesogea karibu mno na wenye nguvu. Nimesoma matoleo kadhaa na naona pande zote mbili zina ushahidi. Kumbukeni jarida la hapa huishi kwa matangazo, na mtangazaji mkubwa ni serikali na mashirika yake. Lilifungwa 1999. Ng'weno alifariki 2021.

Waliokata kwa namna nyingine hawakupewa muda huo. Beyond, jarida la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilichapisha ushahidi wa wizi wa kura kwenye uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule wa watu kupanga foleni nyuma ya mgombea. Lilipigwa marufuku mwaka huohuo na mhariri wake akafungwa. Nairobi Law Monthly lilipigwa marufuku 1990.

Ukiwa karibu na maktaba kubwa ya chuo, uliza rafu ya majarida ya zamani. Pale kwetu The Weekly Review limejaza rafu nzima, majuzuu yamefungwa vizuri, 1975 hadi 1999. Chukua matoleo ya mwezi wa mlolongo, Februari 1988, usome polepole, kisha uliza kama wana Beyond la mwezi uliofuata. Sisi tunalo moja, limekunjwa na kona zimeliwa na panya. Baada yake kwenye rafu hakuna lingine.